Mafundi Wanane, Namba Moja

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wawili tu pale kazini, yeye mwenyewe na yule wa mishahara. Wengine wote walimwita Kalenda. Mlinzi wa getini alimwita Mama Kalenda, bosi akiwa na furaha alimwita Dada Kalenda, na bosi akiwa amechachamaa alimwita Kalenda kavu kavu. Yeye aliitika yote bila kununa.

Kazi yake ilikuwa kupanga zamu. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza lifti, za maghorofa ya kupangisha, za maofisi, za hospitali mbili. Sasa lifti ni kitu kisicho na adabu. Itapanda na kushuka miezi mitatu kama malaika, halafu siku watu wamefunga kazi, wamevaa nguo mpya, wanakwenda kula kwa ndugu zao, ndiyo inaamua kukwama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani kuna mama mjamzito na mtu mwenye keki mkononi. Kwa hiyo lazima kila siku ya Mungu awepo fundi ambaye hajasafiri, hajalewa na hajazima simu. Huyo ndiye wa zamu. Na wa kuamua ni nani alikuwa Kalenda, kwa penseli na daftari kubwa la jalada gumu, miaka kumi na sita mfululizo.

Watu walidhani kupanga zamu ni kuandika majina kwenye mistari. Wangeingia kichwani mwake wangeshangaa. Mle ndani kulikuwa na mambo ambayo hayaandikiki. Fundi fulani mkewe ana mimba ya miezi minane, asipangwe hospitali ya mbali. Wale wawili wamenuniana tangu mmoja amcheke mwenzake alipoteleza mbele ya mteja, wasipangwe pamoja, watanyang'anyana bisibisi huko juu mpaka watu waliokwama wasikie. Na Ngazi asipewe lile jengo la ghorofa kumi na nane, kwa sababu Ngazi hapandi lifti.

Ndiyo, fundi wa lifti asiyepanda lifti. Ngazi alikuwa mkubwa wa mafundi wote wanane, mtu mzima wa mvi, anazitengeneza lifti zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwona amesimama ndani ya lifti inayotembea. Anabeba sanduku lake la vifaa begani, anapanda kwa miguu, anatengeneza, anashuka kwa miguu. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu maneno mawili tu.

"Mimi nazijua."

Mafundi walikuwa na simu moja ya zamu. Kisimu cha vitufe, mgongo umefungwa kwa gundi ya karatasi, chaji yake inakaa siku nne. Namba yake ndiyo ilibandikwa kwenye lifti zote. Kila Ijumaa saa kumi walikusanyika kwenye meza ya karakana, anayemaliza zamu anakinyoosha na kusema, "Kamata mtoto," na anayeanza anajibu, "Nimembeba." Basi. Aliyenacho ni mtumwa wa lifti wiki nzima, asiyenacho yuko huru kama upepo, hata bosi akimkuta sokoni hana la kumwambia. Hivyo ndivyo walivyoishi, na walielewana.

Shida ilikuwa sikukuu. Siku za kawaida simu moja inatosha. Sikukuu za mwisho wa mwaka lifti zinakwama tatu kwa mpigo, fundi mwenye simu yumo ndani ya shimo la lifti ambako mtandao haufiki, na simu zisizopokelewa zinarukia ofisini. Na ofisini nani yupo? Kalenda, peke yake, na chupa ya chai na redio, anahangaika kuwatafuta wengine mmoja mmoja. Alianza hivyo mwaka mmoja wa mwanzo mwanzo, alipokuwa bado ni mtu wa mapokezi tu, bikizee mmoja alipokaa kwenye lifti kwa saa nne kwa sababu mafundi wawili kila mmoja alidhani zamu ni ya mwenzake. Kalenda alikwenda mwenyewe kumwangalia yule bikizee alipotolewa. Aliporudi aliomba apewe daftari la zamu, na tangu siku hiyo hakuna sikukuu aliyokula nyumbani kwake.

Binti yake alikua hivyo. Wenzake wakienda kutembea na mama zao, yeye alikuwa chini ya meza ya ofisi, anachora nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika. Sasa alikuwa ameolewa mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, na alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Kalenda alikuwa amemwona mjukuu huyo mara moja tu, akiwa na siku kumi. Baada ya hapo ni simu. Mtoto alimjua bibi yake kama kitu fulani kinachokaa ndani ya simu ya mama na kuuliza umekula nini.

Mwezi wa kumi binti alimpigia na kusema kitu ambacho Kalenda alikaa nacho kifuani wiki nzima. Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama, mimi utoto wangu wote nimekugawana na lifti, na sikulalamika. Huyu mwanangu sitaki agawane. Mwaka huu njoo. Usipokuja sitakuomba tena."

Kalenda akaahidi. Akaandika barua ya likizo, siku tisa, kuanzia Ijumaa ya kufunga mwaka.

Bosi aliisoma barua kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Akamwambia bahati yake nzuri, kampuni imenunua mfumo wa kompyuta wa kupanga zamu na kupiga simu wenyewe. Mteja akipiga, mfumo unampigia fundi wa kwanza. Asipopokea kwa dakika tatu, unampigia wa pili, halafu wa tatu, mpaka apatikane mtu. Hauchoki, hauombi likizo. Watafanya jaribio Jumatano kabla ya sikukuu. Mfumo ukifaulu, Kalenda aende akamwone mjukuu. Ukifeli, wataonana hapa hapa ofisini na chupa yake ya chai.

Aliyekuja kuuweka ule mfumo alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani na begi mgongoni, na mafundi hawakuchelewa, wakamwita Binti wa Mfumo. Siku ya kwanza Kalenda alimsubiri kama mke mkubwa anavyomsubiri mke mdogo. Lakini yule binti alimpa shikamoo ya kupinda magoti, akavuta kiti, akasema amekuja kujifunza, na akaomba aonyeshwe daftari. Kalenda moyo ukalainika hapo hapo. Kufika mchana walikuwa wanakula sahani moja.

Ratiba ya kwanza ya mfumo ilikuwa kichekesho. Ilikuwa imewapanga pamoja wale wawili walionuniana, siku sita, na Ngazi imemtupa kwenye ghorofa kumi na nane. Kalenda hakucheka mbele za watu. Alimwita binti pembeni, akamweleza moja moja, nani na nani, kwa nini na kwa nini, na binti akawa anaandika. Kwa Ngazi aliandika "asizidi ghorofa ya saba". Kufika wiki ya pili ratiba ilikuwa imekaa vizuri kiasi kwamba Kalenda aliikagua mara mbili akitafuta kosa, akakosa, akaumia kidogo.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Kila fundi akae kwenye kompyuta ya pembeni, ajaze jina lake na namba yake ya simu. Wakaenda mmoja mmoja, wanatoka wanatabasamu, na hakuna aliyewafikiria zaidi.

Jumatano ikafika. Bosi alisimama katikati ya karakana ameshika saa. Wiki hiyo kisimu cha zamu kilikuwa kwa Bubu, fundi anayeongea kuliko redio. Bosi akamwagiza asipokee, ili waone mfumo unavyomtafuta wa pili. Binti akabonyeza.

Kisimu kikalia mfukoni mwa Bubu. Kikanyamaza. Wakasubiri dakika tatu, kila mtu anamwangalia fundi wa pili. Kikalia tena, mfukoni mwa Bubu. Fundi wa pili akaanza kuchunguza dari kama ndiyo kwanza anaiona. Dakika tatu nyingine. Kikalia kwa Bubu. Sasa wote wanane walikuwa wanaangalia dari.

"Bosi," Bubu akasema, "inaonekana mimi ni wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Tukiendelea naweza kuwa hata wewe."

Binti akafungua orodha kwenye kompyuta, akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Mafundi wanane, namba moja. Kila mmoja, kwa siri yake, alikuwa amejaza namba ya kisimu cha zamu. Na hawakuwa wamepanga. Kila mmoja alijiambia, mimi peke yangu nikificha yangu haitaonekana, wenzangu saba wataandika za kwao. Wakaanza kutazamana kwa macho ya "hata wewe?" na mmoja akashindwa kujizuia kucheka, kikawa kicheko cha wote. Bosi hakucheka. Alimgeukia Kalenda, akamwambia taratibu kwamba atawapa mpaka kesho saa kumi jioni. Baada ya hapo, barua yake ya likizo ataichana mwenyewe.

Basi la Kalenda lilikuwa Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi.

Kwenye korido Binti wa Mfumo alikuwa karibu kulia. Akasema kazi yenyewe ni ya dakika tano, zinatakiwa namba nane za kweli tu. Halafu akamwuliza kwa sauti ya chini kama yeye mama hanazo.

Alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye kurasa za mwisho za daftari, zote nane, na kila moja ilikuja na siku yake. Ya Bubu aliipata usiku mama yake alipolazwa, ili kazini wajue pa kumtafuta. Ya Ngazi aliipata mke wa Ngazi alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho. Alimpa kwenye kipande cha boksi la spea, akamwambia hii ni ya nyumbani, Kalenda, isifike kwa bosi. Na haikufika.

Aliingia ofisini, akavuta droo, akaweka mkono juu ya jalada la daftari. Alimwona mjukuu wake, yaani alimwona kwa kukisia, maana picha za kwenye simu hazimwambii mtu urefu. Dakika tano tu, na angefika. Akaurudisha mkono, akafunga droo, akatoka.

"Ninazo, mwanangu," akasema. "Lakini sikupewa kwa ajili hii."

Angekuwa mwingine angebishana, lakini binti huyu akakaa kwenye ngazi za korido na kuuliza wanaogopa nini hasa. Kalenda naye akakaa. Akamweleza habari ya kamata mtoto, nimembeba. Kile kisimu, akasema, ukikitoa mkononi umetoa na kazi. Unarudi kwako ukiwa wa mkeo na wa wanao. Lakini namba yako mwenyewe utaikabidhi kwa nani? Ikishaingia kwenye kompyuta imeingia. Wiki si yako, unaitwa. Umekaa msibani, unaitwa. Hawa si wavivu, wanalinda mlango wa nyumba.

Binti alikuwa anamsikiliza mdomo wazi kidogo. Kisha akafungua kompyuta yake juu ya magoti na kuanza kuandika hapo hapo kwenye ngazi, na hakuinua kichwa mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango.

Alhamisi asubuhi Kalenda alikwenda karakana. Hakuwagombeza. Alisimama kwenye meza yao na kuwaambia kitu ambacho kwa miaka yote hakuwahi kuwaambia, kwamba ana mjukuu, kwamba mjukuu anadhani yeye anaishi ndani ya simu, na kwamba binti yake amesema hatamwomba tena. Akasema namba zao anazo na wanajua anazo, na hazikutoka kwenye droo. Akasema sasa wamsikilize huyu mtoto, na wakikataa, basi, yeye atabaki, na hatawanunia.

Bubu akainuka, akampisha Binti wa Mfumo kwenye meza.

Binti akawaonyesha. Namba ya fundi itaingia pale tu zamu yake inapoanza, na ataiingiza yeye mwenyewe kwa simu yake. Zamu ikiisha, mwenzake akibonyeza kwamba amepokea, namba ya kwanza inafutika, haibaki popote. Na hata ikiwa ndani, bosi haioni. Ataona jina na alama za nyota.

Wakanong'ona. Mmoja akasema maneno ya kompyuta ni matamu siku zote. Mwingine akasema bosi hakosi mlango wa nyuma. Ngazi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, anafuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Mwiteni bosi," akasema mwishowe. "Aje anitafute."

Ngazi akatoa simu yake kwenye mfuko wa nailoni, akajaza namba mwenyewe, kidole kimoja, bila haraka. Bosi akaitwa, akakalishwa kwenye kompyuta, akaambiwa atafute namba ya Ngazi apendavyo. Alianza kwa kujiamini. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akapata nyota. Akajaribu neno lake la siri la ubosi, akapata nyota nyingi zaidi. Akavua koti. Mafundi wanane walikuwa wamemzunguka kama watu wanaotazama mpira, na kila nyota zilipotokea walipeana mikono kimya kimya. Baada ya robo saa bosi alijipangusa jasho na kukubali kwamba haoni kitu, na ilikuwa kama wamepandishwa vyeo wote kwa pamoja. Ngazi akainuka, akamwambia bosi pole kwa kazi, halafu akabonyeza kumaliza zamu, mwenzake mmoja akabonyeza kwamba amepokea, na zile nyota nazo zikatoweka.

Saa kumi kasoro walikuwa kwenye foleni ya kujaza namba za jaribio, kila mtu na simu yake mkononi, wanaoanza sikukuu mbele, wanaofuata nyuma. Hata wale wawili waliosusiana walisaidiana, mmoja hakuwa na miwani.

Jaribio lilirudiwa. Simu ya fundi wa kwanza ikalia, akaiacha. Dakika tatu. Ya wa pili ikalia, tena ikiwa na wimbo wa watoto, akaona aibu, akaiacha. Dakika tatu. Kisha ndani ya mfuko wa nailoni kitu kikatetemeka, na Ngazi akapokea. Ile sauti ya mashine ikamwambia kuna lifti imekwama, abonyeze moja kukubali.

"Haya, nimesikia," Ngazi akaijibu. "Nyumbani hawajambo?"

Wakamwonyesha pa kubonyeza. Bosi akatazama saa yake, akamtazama Kalenda, akaitoa ile barua mfukoni ikiwa imekunjwa mara nne, akaitia sahihi juu ya mgongo wa Bubu. Alimwambia tu asalimie huko aendako.

Alifika Ijumaa mchana, miguu imevimba, na mfuko wa zawadi umepasuka pembeni. Binti yake alimkumbatia mlangoni na kumshikilia, muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Mjukuu alikuwa nyuma ya pazia, anaonekana vidole vya miguu tu. Kalenda hakumlazimisha. Alikaa kwenye mkeka, akavua kitambaa cha kichwa, akamwuliza mwenye vidole hivyo amekula nini. Pazia likatikisika. Mtoto alikuwa ameijua sauti, sasa alikuwa anatafuta imetokea wapi.

Jumamosi, siku yenyewe ya sikukuu, simu ya Kalenda haikulia. Asubuhi haikulia. Walipokuwa wanakula haikulia. Alienda nayo uani, akaipandisha juu kutafuta mtandao, akarudi. Mwishowe akamwomba binti yake ampigie aone kama ni nzima. Binti akampigia huku wamekaa kiti kimoja, ikalia vizuri kabisa.

"Ni nzima, mama. Hawajakuhitaji tu."

Ile ilimchoma, asikudanganye mtu. Miaka kumi na sita, na lifti zinakwama na kukwamuka bila yeye. Baadaye alikuja kusikia kwamba siku hiyo zilikwama tano, mbili kwa mpigo, na kwamba fundi wa kwanza alipozidiwa mfumo ulimpata mwenzake katika dakika ya nne. Lakini hayo aliyasikia aliporudi. Siku ile alikaa tu, mikono haina kazi, na hakujua aiweke wapi.

Mjukuu akaja akampandia mapajani, bila kuomba, kama anayepanda kitanda chake. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaukagua. Akamwuliza bibi utakaa siku ngapi. Kalenda akamwambia siku tisa, moja imekwisha, zimebaki nane.

Mtoto akachukua vidole vya bibi yake na kuanza kuvihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hesabu yake ilikuwa inaishia hapo. Akafikiri kidogo, akarudi kwenye kidole cha kwanza. Moja, mbili, tatu, nne. Akarudi tena, na tena, na kila alipofika nne siku zilikuwa zinaongezeka, na Kalenda akaviacha vidole vyake vilegee, akamwambia ndiyo, endelea.